Sura ya 5: Mihogo, Riyali na Bei Mbili za Ubaoni

Kuna Masaki mbili. Ukimwambia dereva wa teksi wa Dar es Salaam akupeleke Masaki, atakufikisha kwenye ile rasi ya mabalozi na mahoteli, ambako dola ilizoeleka kama shilingi. Masaki ya shangazi yangu ni nyingine. Iko wilaya ya Kisarawe, mkoa wa Pwani, huko kwa Wazaramo, penye mihogo, mikorosho na minazi, na anayetaka fedha ya kigeni lazima afunge safari.

Shangazi alipopata nafasi ya kwenda Umra aliniita nimsindikize mjini "kununua hela za Waarabu". Nauli, malazi na viza vilikwishalipwa kwa wakala. Hizi zilikuwa za matumizi yake kule na za zawadi: milioni mbili na nusu, akiba ya misimu kadhaa ya korosho, zimefungwa kwenye pindo la kanga na pindo limefichwa ndani ya mkoba. Tulipanda gari Kisarawe mjini, tukateremka Pugu, tukapita Gongo la Mboto. Tulipofika uwanja wa ndege akanigusa bega.

"Si hapa ndege zinapotua? Hela zao si zitakuwa hapa?"

"Zipo, shangazi. Ila hapa utauziwa bei ya mtu mwenye haraka."

Akanyamaza. Mwenye haraka anamjua vizuri. Ni yeye mwenyewe, mihogo ikishang'olewa na lori halijaja.

Kariakoo tulisimama mbele ya dirisha lenye ubao wa taa nyekundu: bendera upande mmoja, na safu mbili za tarakimu. Kwenye mstari wa riyali ya Saudia, safu ya kwanza, ya kununua, ilisema 610. Ya pili, ya kuuza, ilisema 700. Shangazi alisoma mara mbili, kisha akainama dirishani.

"Mwanangu, riyali moja ni mia sita na kumi au mia saba?"

"Shikamoo, bibi. Ukija nazo, tunakupa mia sita na kumi. Ukizitaka, mia saba."

"Marahaba." Akanigeukia akicheka. "Kumbe na hawa ni wachuuzi wa mihogo."

Nimesoma maelezo mengi ya biashara ya fedha, na sijakutana na yaliyo wazi kuliko hayo. Mchuuzi anafika Masaki na lori, anataja bei ya shambani. Jioni hiyohiyo anasimama sokoni Buguruni na kutaja bei nyingine. Muhogo ni uleule. Kilichobadilika ni nani anauhitaji na nani anataka kuuondoa mikononi. Duka la fedha hufanya hivyohivyo bila hata kusogeza lori, na ubao wake umeandikwa kwa mdomo wa mwenye duka. "Kununua" ni yeye anaponunua kwako. "Kuuza" ni yeye anapokuuzia wewe. Wasafiri wengi wanaolalamika kwamba wameibiwa hawakuibiwa. Walisoma safu isiyo yao.

Kisha kuna bei ya tatu, ambayo haimo ubaoni. Ni ile iliyo katikati ya hizo mbili, ndiyo inayosikika redioni na kuonekana kwenye simu. Benki Kuu ya Tanzania hutangaza viwango vyake kila siku ya kazi, navyo ni kipimo kizuri cha kwenda nacho dirishani. Hakuna dirisha litakalokupa bei hiyo, lakini utajua umesogezwa mbali kiasi gani. Kibandiko kinachosema "hatutozi kamisheni" kisikutoe kwenye hesabu: kamisheni imeshakaa ndani ya pengo la bei mbili, kama mzigo wa ziada ulivyokaa juu ya gunia la lumbesa.

Basi tukapima pengo. Dola siku ile ilinunuliwa 2,440 na kuuzwa 2,500. Pengo ni shilingi 60, sawa na shilingi mbili na ushee katika kila mia. Riyali pengo lake lilikuwa 90 juu ya bei ya kati ya 655, karibu shilingi 14 katika kila mia. Duka ni lilelile, kijana ni yuleyule, lakini fedha moja inakula kidogo na nyingine inakula mara sita. Sababu si uchoyo tu. Dola ikiingia dirishani asubuhi, mchana imeshapata mwenyewe. Riyali hulala kwenye droo ikisubiri msafiri mwingine wa Makka, na mwenye duka anajilipa kwa kuisubiri huko. Fedha isiyotembea ina bei ya bidhaa isiyotembea.

Hapo ndipo nilipomwambia shangazi aache riyali, anunue dola.

Alitazama nyuma kwanza. Kisha akaninong'oneza: "Dola? Hatutakamatwa?"

Nilitaka kucheka nikajizuia. Mtu wa umri wake hakuokota hofu hiyo barabarani. Mwaka 1983 alikuwa msichana, na vita dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, vilifika hadi vijijini. Watu walizika vitu ardhini na wengine walivitupa porini usiku. Kukutwa na fedha za kigeni bila kibali lilikuwa jambo la kukupeleka ndani. Bei rasmi ya dola mwaka 1985 ilikuwa kama shilingi 17, na kwa bei hiyo huipati. Mitaani ilikuwa mara kadhaa zaidi. Juni 1986 bei rasmi ikafika 40, na kila aliyekuwa akijua ya mitaani alijua kwamba bado safari ni ndefu. Sheria ya fedha za kigeni ya 1992 ndiyo iliyofungua milango, na maduka ya kubadilishia fedha yakaanza kuota.

Hata baada ya hapo mambo hayakutulia. Novemba 2018 Arusha, kisha mwanzoni mwa 2019 Dar es Salaam, vyombo vya dola vilikwenda kusaka dola. Kiswahili chetu kinafurahisha kwa kutumia neno hilohilo kwa zote mbili. Maduka mengi yalifungwa, na kwa muda msafiri alibaki na benki, na foleni yake. Masharti mapya ya mtaji yaliwekwa, yakalegezwa tena 2023. Halafu ikaja 28 Machi 2025, kanuni zikakataza kutaja bei na kulipa kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Ndiyo maana nilimwambia shangazi hivi: kuwa na dola si kosa, kuzinunua kwenye dirisha lenye leseni si kosa, toa kitambulisho chako, chukua risiti na uitunze pamoja na pasipoti. Kosa ni kuzinunua kwa kijana anayekupigia mluzi uchochoroni. Huyo hana leseni, na mara nyingi hana hata dola.

Sasa kwa nini dola, wakati kule Makka wanatumia riyali? Kwa sababu tangu 1986 Saudi Arabia imeifunga riyali yake kwenye dola, kama mbuzi aliyefungwa kwenye mnazi: dola 1 kwa riyali 3.75. Dola ikipanda nayo inapanda, ikishuka nayo inashuka, na duka la Makka halina cha kukuambia kuhusu "hali ya soko leo". Litakata kidogo tu. Tukapiga hesabu juu ya karatasi ya kufungia karanga. Milioni mbili na nusu kwa riyali moja kwa moja, kwa 700, zinatoa riyali 3,571. Milioni hizohizo kwa dola, kwa 2,500, zinatoa dola 1,000. Tuseme duka la kule linampa 3.74 kwa kila dola: riyali 3,740. Tofauti ni karibu 170, na kwa bei ya dirisha lile hizo ni kama laki moja na ishirini elfu za kwetu.

"Hizo ni viroba vingapi vya mihogo?" aliniuliza. Sikujibu, alikuwa anajua mwenyewe.

Nisieleweke vibaya. Kuna vitabu vinavyomwambia kila msafiri abebe dola popote aendako, na ushauri huo ni wa kivivu. Kila kugeuza ni kukatwa, na anayepitia dola amekubali kukatwa mara mbili. Hiyo ina faida pale tu makato mawili madogo yanapokuwa chini ya kato moja kubwa. Kwenda Nairobi ni habari nyingine: shilingi yetu na ya Kenya zinakutana kila siku Namanga, Holili, Kariakoo kwenyewe, na mara nyingi pengo lake si baya. Swali la kuuliza halibadiliki: shilingi hizi nilizonazo zitakuwa ngapi za kule, zikiwa mkononi mwangu, baada ya vituo vyote? Fanya hesabu ya njia zote mbili kabla hujatoa noti. Na ukienda Kenya, kumbuka kwamba tangu 2015 pesa ya simu inavuka mpaka kati ya Vodacom na Safaricom. Linganisha na hiyo pia kabla hujabeba bunda.

Inasikitisha kidogo kwamba tunahitaji hesabu hii. Shilingi ya Afrika Mashariki ilitumika Dar es Salaam, Nairobi na Kampala bila kugeuzwa, hadi 14 Juni 1966 Benki Kuu yetu ilipoanza kazi na kutoa ya kwetu. Novemba 2013 marais wa Jumuiya walitia saini Kampala mkataba wa kurudi kwenye sarafu moja, ifikapo 2024. 2024 imepita, na wabadilisha fedha wa Namanga bado wanakula vizuri.

Kijana wa dirishani alihesabu noti kumi za dola mia, zote za utepe wa bluu, toleo lililoanza kutumika 2013. Nilimwomba abadilishe moja iliyokuwa na maandishi ya kalamu. Alinuna, akabadilisha. Serikali ya Marekani haijafuta noti zake za zamani, lakini hilo halikusaidii Kariakoo wala Kampala: maduka mengi ya Afrika Mashariki yanakataa dola zilizochapwa kabla ya 2006, na noti iliyochanika, iliyopigwa muhuri au iliyoloa hukataliwa au kupunguzwa bei. Noti ndogo nazo zina dharau yake. Dola 100 za noti moja hununuliwa kwa bei nzuri kuliko dola 100 za noti kumi kumi. Ukinunua, dai kubwa na safi. Ukipewa chafu dirishani, irudishe palepale, kwa sababu ukishageuka mgongo ni yako.

Noti pia hufa, na kuhusu hili nina kovu langu. Mwaka 2018 nilirudi kutoka Nairobi na noti saba za elfu moja za Kenya. Nikasema zitanifaa safari ijayo, nikazitia ndani ya kitabu. Tarehe 1 Juni 2019 Benki Kuu ya Kenya ikatangaza kwamba noti ya zamani ya elfu moja mwisho wake ni 30 Septemba mwaka huohuo. Habari niliisikia, kitabu nilikisahau. Hadi leo zimo, zinanionyesha nilipoishia kusoma. Noti za karatasi za pauni 20 na 50 za Uingereza nazo ziliacha kuwa fedha halali baada ya 30 Septemba 2022. Na msidhani ni ya nje tu: kati ya 6 Januari na 5 Aprili 2025 Benki Kuu yetu iliondoa noti za matoleo ya zamani, na ninao majirani waliozikuta chini ya godoro mwezi wa Mei. Kule Tunduma ilikuwa mbaya zaidi. Zambia iliikata kwacha yake sufuri tatu tarehe 1 Januari 2013, elfu ya zamani ikawa moja mpya, na msafiri asiyejua sura ya noti mpya alikuwa windo la halali kwa mjanja wa mpakani.

Mpakani, kwa jumla, hatari kubwa ni ya vidole kuliko ya bei. Anakuhesabia haraka, noti zimekunjwa katikati kila moja ikahesabiwa mara mbili. Unalalamika, anazichukua "azihesabu upya", anaongeza moja juu na kupunguza nne chini. Changa la macho. Dawa yake ni ya kishamba na inafanya kazi: wewe ndiye wa mwisho kuzishika, na ukishazihesabu hazirudi mkononi mwake hata akuapie.

Wenye kadi za benki nao wana dirisha lao la ujanja, na halina hata mtu. Uko dukani Dubai au Jeddah, unalipa, mashine inakuuliza kwa upole: ulipe kwa fedha ya hapa, au kwa shilingi za Tanzania? Shilingi zinavutia, unazielewa, unaona kabisa kiasi. Ukizichagua, umempa mwenye mashine ruhusa ya kukupangia bei yake, na hiyo kwa kawaida ni mbovu kuliko ya benki yako. Chagua fedha ya hapo ulipo. Kwenye mashine ya kutolea fedha swali ni lilelile na jibu ni lilelile. Na kwa kuwa huko mara nyingi hukatwa ada kila unapotoa, toa mara moja kiasi cha kutosha, usiende kila asubuhi kama anayechota maji.

Tukiwa tunarudi, garini, shangazi alinieleza kuhusu binti wa jirani yake aliyekwenda kufanya kazi za ndani Muscat. Mwezi wa kwanza binti alipiga simu analia: ameona sabuni dukani imeandikwa 0.750, akadhani ni karibu bure, akachukua sita. Riyali ya Oman haifanani na ya Saudia isipokuwa jina. Nayo imefungwa kwenye dola, lakini moja yake ni dola 2.60, kwa bei ya dirisha letu la Kariakoo ni kama shilingi 6,500. Inagawanywa mara elfu, siyo mara mia, ndiyo maana bei zake zina tarakimu tatu baada ya nukta. Ile 0.750 ni baisa 750, yaani karibu shilingi elfu tano kwa sabuni moja.

Baisa. Shangazi aliposikia neno hilo akasema, "Hiyo si pesa tu?" Ndiyo hasa. Baisa ya Oman na pesa yetu ni neno moja lililotoka Bara Hindi kwa majahazi, sarafu ndogo ya shaba iliyotumika mwambao wote. Tukaanza kuhesabu mengine, gari likipanda Pugu. Hela tunayoitamka kila siku ni ya Wajerumani: mwaka 1904 waliigawanya rupia yao ya hapa katika heller 100, na babu zetu wakaichukua pamoja na kodi yake. Fedha ni Kiarabu, madini yenyewe. Shilingi na senti tuliletewa na Waingereza. Hakuna jina moja la pesa tulilolichimba Kisarawe. Yote yalibadilishwa dirishani, na nadhani kila mara tulisoma safu isiyo yetu.

Alisafiri. Huko alifanya nililomwomba na moja nisilomwomba. Nililomwomba: asibadilishe dola zote kwa siku moja. Dola ambayo hukuigeuza haijakatwa, na ukirudi nayo nyumbani utakatwa mara moja tu. Riyali iliyobaki ndiyo inayouma. Angerudi na riyali elfu moja alizozipata kwa dirisha letu kwa 700, na kuziuza kwa 610, angeacha elfu tisini Kariakoo bila kununua hata tende. Nisilomwomba: riyali zilipobaki mia mbili na kitu, siku mbili kabla ya kuondoka, alizimaliza kwa kanzu za wajukuu na chupa za manukato. Alirudi na dola 300 za noti na sarafu chache za chuma, ambazo maduka ya fedha huku hayazipokei hata kidogo. Sarafu aliwagawia watoto. Dola ameziweka, mwakani, akijaaliwa, anataka kurudi.

Nilikwenda Masaki kumpa pole ya safari. Nilimkuta shambani, mchuuzi na lori lake wameshafika, viroba vimepangwa barabarani, vyote vimefura kwa lumbesa. Mchuuzi alikuwa ametaja bei yake na anasubiri.

"Hiyo ni ya kununua," shangazi alimwambia. "Ya kuuza ni ngapi?"

"Ya kuuza wapi, mama?"

"Buguruni, kesho asubuhi. Nitajie zote mbili. Wenzako wanaandika ubaoni."

Mchuuzi akanitazama mimi, kana kwamba nina jibu lake.